Binti wa Mkatoliki Anapoolewa Usharikani



Baadhi ya wafadhili wetu wameuliza kwa nini ripoti ya robo mwaka iliyopita ina safari ya kuonana na paroko, wakati mradi ni wa kuweka na kukopa. Tunajibu hapa, maana jambo lenyewe linazihusu pia kamati za sharika.

Katika kikundi cha akina mama tunachokihudumia Bukene, wilayani Nzega, Walutheri na Wakatoliki hukaa pamoja na sanduku lao ni moja. Mwanachama mmoja, mama wa WAWATA, aliacha kuhudhuria. Binti yake alikuwa amechumbiwa na kijana wa usharika wetu. Tulipomtembelea alituambia, "Nimemfundisha rozari tangu hajang'oa meno ya utoto. Leo mnamchukua, na mimi niseme asante?" Tulidhani ni ushindani wa madhehebu. Tulikosea. Alichoogopa ni kwamba binti akifunga ndoa kwetu hatapokea tena Komunyo, na Kanisa lake halitamhesabu kuwa ameolewa.

Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inamtaka Mkatoliki afunge ndoa mbele ya padre au shemasi mwenye mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Akienda kwa mchungaji bila ruhusa, serikali itaitambua ndoa yake, Kanisa lake halitaitambua. Lakini sheria hiyo hiyo inampa Askofu uwezo wa kutoa kibali cha ndoa mseto na, kukiwa na ugumu mkubwa, ruhusa ya pili ya kufungia ndoa katika kanisa la Kilutheri. Ikifungwa hivyo ni ndoa kamili kwa pande zote mbili. Kinachokatazwa ni kula kiapo mara mbili, asubuhi kwetu na jioni kwao. Padre anaweza kualikwa kusoma Neno na kuwaombea maharusi.

Ugumu uko kwenye watoto. Mkatoliki huahidi kufanya yote awezayo ili wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Zamani mwenzake naye alitakiwa kuahidi. Tangu Papa Paulo VI alipobadili utaratibu mwaka 1970, yeye hujulishwa tu ahadi hiyo. Wazee wa upande wa bwana harusi walipoisikia walikunja uso. Kwa desturi ya Kinyamwezi, mahari ikitolewa watoto ni wa ukoo wa baba. Isipotolewa, ni wa ujombani. "Ng'ombe tumeshatoa," alisema mzee mmoja, "sasa watoto wanarudije kwa mama yao?" Ilibidi paroko na mchungaji waketi naye chini ya mwembe mchana kutwa, kumweleza kwamba ubatizo haubadilishi ukoo, na kwamba kila Kanisa linautambua ubatizo wa mwenzake. Soda za siku hiyo ndizo mlizoziona kwenye ripoti, pamoja na mafuta ya pikipiki.

Ruhusa hizo zina safari yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya siku 21, lakini barua ya kwenda jimboni Tabora na majibu yake visipangiwe siku hizo. Tunaomba kamati za sharika: kijana akileta jina la mchumba Mkatoliki, wote wawili wapelekwe kwa paroko kabla kadi za michango hazijachapwa. Huku kwetu ukumbi ukishalipiwa hakuna anayesikiliza tena. Waliokwisha kufunga bila ruhusa nao wamwone paroko. Lipo la kurekebisha, wala hawaambiwi waachane.

Ibada ilifanyika usharikani bila Meza ya Bwana, kwa makubaliano, ili asiwepo wa kubaki kitini. Mama alikaa mbele na kitenge chake cha WAWATA, na sasa amerudi kikundini. Kuhusu mjukuu atakapokuja, alituambia wazi kwamba moyo wake bado haujatulia. Binti ameahidi, mkwe hajasema neno.