Kigumba cha Mshale: Nyembe Tuli au Nyembe za Kufunguka

Kigumba ni ile ncha ya chuma inayokaa mbele ya uti wa mshale, na katika kuwinda wanyama wakubwa ndicho kinachofanya kazi yenyewe. Upinde husukuma, uti hubeba, manyoya huelekeza, lakini kinachokata ni kigumba. Wawindaji wa mishale wa leo huchagua baina ya aina mbili. Ya kwanza ina nyembe tuli: mbili, tatu au nne, zilizoshikamana na kiini na zisizosogea tangu mshale unapotoka kwenye podo hadi unapoingia mwilini mwa mnyama. Ya pili ina nyembe za kufunguka. Hizi hulala zimekunjwa ubavuni mwa ncha wakati mshale ukiwa hewani, zikishikiliwa na pete ya mpira au kola ya plastiki, kisha hutanuka zinapogonga ngozi. Kigumba tuli cha kawaida hukata tundu lenye upana wa sentimita 2.5 hadi 3.2, na cha kufunguka sentimita 4 hadi 5, pengine zaidi. Uzito haupishani: vinavyouzwa sana ni vya gramu 6.5 na gramu 8.1.

Ili kuelewa tofauti hiyo ya upana ina maana gani, ni lazima kwanza ijulikane mshale unauaje. Risasi ya bunduki kubwa hutoka kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde au zaidi, huvunja mifupa na kupasua nyama mbali na njia yake. Mshale wa upinde wa kisasa huenda mita 80 au 90 kwa sekunde, na nyama iliyo pembeni mwa njia yake hubaki nzima. Mshale huua kwa kutoa damu, na kwa kuingiza hewa kifuani hata mapafu yakasinyaa. Kwa hiyo ukali wa wembe si mapambo. Mshipa uliochanwa na chuma butu hujikunja na kingo zake kuchakaa, na nyama iliyochakaa huamsha haraka mfumo wa kugandisha damu. Mshipa uliokatwa na wembe mkali hubaki wazi na damu hutiririka. Mchinjaji wa machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, analijua hili kwa mkono wake, ndiyo maana hanyanyui kisu kabla ya kukinoa. Wawindaji hupima kigumba kwa kuvuta mpira mwembamba na kuugusisha kwenye wembe: ukikatika kwa kuguswa tu, kigumba kiko tayari, ukihitaji kusuguliwa, kirudi kwenye jiwe la kunolea.

Hapa ndipo kigumba cha kufunguka kinapopata sifa yake ya kwanza. Tundu pana hukata mishipa mingi zaidi na huacha alama ya damu iliyo rahisi kufuatwa porini. Sifa ya pili iko hewani. Nyembe tuli ni mabawa madogo yaliyowekwa mahali pasipofaa, yaani mbele. Manyoya ya nyuma huuvuta mkia wa mshale unyooke, ilhali nyembe za mbele hushika upepo na kuupeleka mshale kombo, hasa kama uti uliondoka kwenye ugwe ukiwa umeinama kidogo. Kadiri nyembe zinavyokuwa pana na kasi kubwa, ndivyo kombo hilo linavyokua. Kigumba kilichokunjwa hakina mabawa hayo, kwa hiyo hupaa karibu sawa na ncha butu ya mazoezi. Mwenye nyembe tuli analazimika kuurekebisha upinde wake kwanza: hupiga mshale kupitia karatasi iliyowambwa kwenye fremu, kisha hutazama tundu. Tundu la mviringo lenye alama za manyoya tu ni dalili njema. Mpasuko wa kushoto, kulia, juu au chini unaonyesha mshale unatoka umepinda. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima, na wengi walikimbilia nyembe za kufunguka ili kuikwepa.

Upana huo, hata hivyo, haupatikani bure. Kutanua nyembe kunatumia sehemu ya nguvu iliyobebwa na mshale, na kusukuma tundu la sentimita 5 kupita kwenye ngozi, misuli na mbavu kunahitaji nguvu nyingi kuliko tundu la sentimita 3. Kigumba ni kabari. Kabari ndefu na nyembamba huingia kwenye gogo kwa nyundo chache. Kabari fupi na pana hugoma. Nyembe za kufunguka, zikishatanuka, huwa kabari fupi na pana. Tena zina viungo, na kiungo ndicho sehemu inayovunjika kwanza ikikutana na mfupa. Mshale ukigonga mnyama kwa pembe ya mshazari, wembe mmoja huweza kushika kabla ya mwenzake na kuugeuza mshale njia.

Kuhusu nguvu, kuna hesabu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Momenta ni uzito mara kasi, basi. Chukua mshale mwepesi wa gramu 26 unaokwenda mita 89 kwa sekunde, na mshale mzito wa gramu 42 unaokwenda mita 70. Nishati ya kila mmoja ni jouli 103, hazitofautiani. Lakini momenta ya ule mwepesi ni 2.3 na ya ule mzito ni 2.9, yaani ule mzito una zaidi ya robo ya ziada. Mshale unaposukumana na nyama na mfupa kwa muda fulani, kinachoamua utasimama lini ni momenta. Ndiyo sababu mshale mzito unaokwenda taratibu huzama ndani kuliko ule mwepesi wa kasi, ingawa karatasi ya dukani husifu kasi peke yake.

Namibia imeweka kiwango cha nishati kwa sheria: jouli 34 kwa wanyama wadogo, 54 kwa wa kati na 88 kwa wakubwa. Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale kwa wanyama pori katika hifadhi ya Mkuze, Afrika Kusini, miaka ya 1980, alifika kwenye msimamo mkali zaidi: kwa mfupa mzito, mshale usipungue takriban gramu 42, na kigumba kiwe cha nyembe mbili tuli, kirefu mara tatu ya upana wake. Msimamo huo umebishaniwa na watengenezaji wa nyembe za kufunguka, lakini fizikia ya kabari iko upande wake.

Mifupa ya wanyama wa Afrika Mashariki inaupa uzito zaidi msimamo huo. Moyo wa swala, nyumbu au pofu uko chini na mbele, nyuma tu ya kiwiko cha mguu wa mbele, hivyo mshale unaolenga moyo hupita jirani kabisa na mfupa wa bega. Kosa la upana wa kiganja hupeleka kigumba mfupani. Swala pala dume ana kilo 60 hivi na mbavu nyembamba, na kigumba cha kufunguka chenye nishati ya kutosha humpita pande zote mbili. Pofu dume huweza kufikia kilo 900. Nyati ana ngozi nene na mbavu pana zilizokaribiana, kiasi kwamba mshale usiokuta mfupa ni bahati.

Wakazi wa Tanzania walilitatua tatizo hilo zamani sana, kwa njia ambayo haimo katika mjadala wa nyembe. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kando ya ziwa Eyasi, ambao leo ni kiasi cha watu elfu moja na mia kadhaa, huwinda kwa mishale ya aina tofauti kulingana na mnyama. Kwa ndege na wanyama wadogo hutumia mti mtupu uliochongwa. Kwa wanyama wakubwa hutumia chuma, na chuma hicho mara nyingi ni msumari mrefu, uleule wa inchi sita unaouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mbagala au Tegeta, uliopondwa kwa jiwe ukiwa baridi hadi ukawa bapa, kisha ukanolewa. Mtafiti Mwingereza James Woodburn aliandika kwa kina kuhusu zana hizi katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1970. Vigumba vya Wahadzabe vya sumu ni vyembamba. Havihitaji kukata tundu pana, kwa sababu nyuma ya ncha pamepakwa sumu.

Sumu hiyo ndiyo jibu la tatu, na kwa hakika ndilo lililoshinda kwa karne nyingi kutoka Somalia hadi Zambezi. Wahadzabe huipata kwenye utomvu wa waridi la jangwani na kwenye mbegu za mti wa jamii ya Strophanthus. Wakamba na Wawaata wa Kenya walichemsha magome na mizizi ya mti wa msunguti hadi ikapatikana lami nyeusi. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Albert Arnaud aliitenga kemikali ya msunguti, ikaitwa ouabaini, kutokana na jina la Kisomali la mti huo. Huzuia pampu inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu katika seli za moyo. Kalsiamu hurundikana ndani ya seli, mapigo huvurugika, na moyo husimama. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, aligundua jambo la namna hiyo alipokuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi ulioanza mwaka 1858: mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu ya mishale, na alipoutumia mapigo yake yakapungua. Kutokana na mmea wa sumu hiyo, Strophanthus, Thomas Fraser wa Edinburgh alipata strofantini, iliyokuja kuwa dawa ya moyo hospitalini.

Sumu ilibadilisha hata umbo la mshale. Mishale mingi ya Wakamba ina kigumba kilichochomekwa kwenye kijiti kifupi, na kijiti hicho kimechomekwa kwenye uti bila gundi. Mnyama akikimbia na kujisugua vichakani, uti huanguka na kubaki salama kwa mwenyewe. Kigumba hubaki ndani, sumu ikiendelea kuyeyuka katika damu. Kabla ya kutumika, lami hufungwa kwa utepe wa ngozi ili isikauke. Mshale huu una kiungo kinachoachia, kama kigumba cha kisasa cha kufunguka, ila kiungo chenyewe kimewekwa nyuma, mahali ambapo kuachia kwake hakupunguzi mzamo. Ubunifu huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Wawaata wa Tsavo waliunganisha yote. Pinde zao zilihitaji nguvu ya kuvuta ya zaidi ya kilo 45, na kwa mishale mirefu yenye vigumba vyembamba vilivyopakwa msunguti waliweza kumwangusha tembo. Uwezo huo ndio uliowaponza: katika operesheni ya 1956 na 1957, wasimamizi wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley waliwakamata wengi wao kwa ujangili, na maisha yao ya uwindaji yakaisha.

Kwa mwindaji wa leo asiye na sumu, uamuzi unategemea upinde alionao na mnyama anayemkabili. Upinde wa kapi, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza mwaka 1969, ndio uliotoa nishati ya ziada ambayo nyembe za kufunguka zinaila. Bila upinde huo zisingeenea kama zilivyoenea miaka ya 1990. Mwenye upinde wa namna hiyo, anayempiga ubavuni swala wa ukubwa wa kati aliyesimama, anaweza kutumia nyembe za kufunguka na kupata alama nzuri ya damu. Mwenye upinde wa mti, au upinde dhaifu, asizitumie kabisa. Na kwa pofu, nyati au mnyama yeyote mwenye bega zito, nyembe tuli ndizo sahihi, zikiwa mbili, ndefu, zimenolewa kwa mkono, mbele ya mshale mzito. Mnyama aliyejeruhiwa na mshale ulioishia begani huteseka siku kadhaa vichakani, na hilo ni kosa la aliyechagua kigumba.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, inataka leseni ya kuwinda, na inakataza sumu na silaha zilizopakwa sumu. Inakataza pia kuwa na upinde au mshale ndani ya pori la akiba bila kibali cha maandishi. Katika Pori la Akiba Pande, jirani na Mabwepande upande wa Kinondoni, mtu aliyebeba mshale mmoja bila kibali hicho amekwisha vunja sheria, uwe wa nyembe tuli au wa kufunguka, hata kama hajaupiga.