Siku Kumi na Nne za Tangazo: Chama cha Wakazi na Haki Zako katika Mipango ya Mtaa

Mtumiaji anapouziwa unga uliooza dukani, hujua papo hapo kwamba ana haki ya kulalamika. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtaa wanaoishi pia ni mkusanyiko wa huduma zinazolipiwa: maji ya bomba, uondoaji wa maji taka, uzoaji wa taka, barabara, taa za usiku na ulinzi. Huduma hizi huimarika au huzorota kwa kutegemea maamuzi ya mipango, na kila uamuzi una muda wake wa kisheria wa kupokea maoni ya wananchi. Makala haya yanaeleza muda huo, na namna chama cha wakazi kinavyoweza kuhakikisha kwamba haupiti kimyakimya.

Kwa nini tangazo la ujenzi linakuhusu

Katika mitaa ya Nairobi kama vile Kilimani na Kileleshwa, nyumba za familia moja zenye bustani zimepisha maghorofa marefu. Mabadiliko hayo yana manufaa, kwa kuwa watu wengi zaidi wamepata makazi karibu na kazi zao. Hata hivyo, ploti iliyohudumia familia moja inapobeba familia makumi kadhaa, mahitaji ya maji, maegesho na mabomba ya maji taka huongezeka kwa kiasi hichohicho. Iwapo miundombinu haikuongezwa, jirani aliyekuwapo tangu awali hujikuta akinunua maji ya magari na kufukia madimbwi ya uchafu mbele ya lango lake.

Chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, hakuna ujenzi unaoruhusiwa kuendelea ndani ya kaunti bila kibali cha kaunti hiyo. Mwombaji wa kibali anatakiwa kuutangazia umma mradi wake, na tangazo hilo linapaswa kuwaalika wananchi kuwasilisha pingamizi, ikiwa wanazo, kwa Waziri wa Kaunti anayesimamia mipango ya ardhi. Kwa kawaida matangazo ya aina hii, yawe ya gazetini au ya bango lililosimamishwa kwenye ploti, hutoa siku 14. Usikisie, soma idadi ya siku na tarehe ya tangazo lenyewe.

Saa tatu za kisheria unazopaswa kuzijua

Saa ya kwanza ni ya pingamizi, ambayo tumekwisha kuieleza. Pingamizi linalofika baada ya muda kwisha linaweza kuachwa bila kuzingatiwa.

Saa ya pili ni ya uamuzi. Mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, sheria huchukulia kwamba kibali kimetolewa. Kwa hiyo ukimya wa ofisi si ushindi kwa wanaopinga. Chama kilichowasilisha pingamizi hakina budi kufuatilia hadi kipate uamuzi wa maandishi.

Saa ya tatu ni ya rufaa. Mhusika asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa kwa Kamati ya Uratibu wa Mipango ya Kaunti ndani ya siku 14 za uamuzi huo, na kamati inatakiwa kuisikiliza na kuiamua katika siku 14 nyingine. Asiporidhika tena, anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Gharama na muda huongezeka kwa kila ngazi inayopandwa; barua iliyoandikwa mapema ni nafuu kuliko wakili aliyeajiriwa baada ya msingi kumwagwa.

Namna ya kuandika pingamizi lenye uzito

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa 10 linalopendekezwa kwenye barabara nyembamba ya ndani. Barua isemayo kwamba “wakazi hawataki wageni” haitaisaidia ofisi kufanya uamuzi. Ofisi inahitaji sababu za mipango: upana wa barabara, mahali mifereji inapofurikia wakati wa mvua za masika, siku ambazo maji ya bomba hukatika, kivuli kitakachoangukia nyumba za jirani, au kuwapo kwa shule iliyo karibu na lango la malori. Taja nambari ya ploti kama ilivyo kwenye tangazo, ambatisha picha zenye tarehe, na ueleze unachoomba: mradi ukataliwe, upunguzwe, au ukubaliwe kwa masharti. Mara nyingi ombi la masharti, kwa mfano mwekezaji kupanua bomba la maji taka, huwafaa wakazi kuliko kupinga mradi wote. Peleka nakala mbili. Moja irudi kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa.

Iwapo huna nakala ya ramani au maelezo ya mradi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kwa taasisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza. Taasisi hutakiwa kujibu katika siku 21, na anayenyimwa anaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi huo. Zingatia hesabu hii: siku 21 ni nyingi kuliko 14. Usisubiri nyaraka ndipo upinge. Wasilisha pingamizi kwanza, ukieleza ndani yake kwamba umeomba nyaraka na kwamba utaongeza maelezo utakapozipata.

Chama cha wakazi na taarifa zake

Mtu mmoja hawezi kusoma kila gazeti na kila bango. Hapa ndipo chama cha wakazi kinapopata thamani yake. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022 inaruhusu kundi la watu wasiopungua 10 kusajiliwa. Usajili hukipa chama utambulisho, na hurahisisha kufungua akaunti ya benki na kuandikiana na ofisi za serikali.

Chama chenye manufaa hutoa taarifa fupi kila mwezi, iwe ya karatasi inayobandikwa langoni na kwenye ubao wa ofisi ya chifu, au ya ujumbe wa simu. Taarifa hiyo iwe na tarehe ya baraza lijalo, siku ya usafi wa mtaa, ratiba ya mgao wa maji, na orodha ya maombi ya ujenzi pamoja na siku ya mwisho ya kila pingamizi. Tarehe hizo za mwisho ziandikwe juu kabisa, kabla ya pongezi na rambirambi. Inafaa pia kumteua mkazi mmoja kwa zamu ya mwezi ili azunguke mtaa na kupiga picha kila bango jipya.

Kalenda ya chama isisahau bajeti ya kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la taa au kivuko la mwezi Mei huwa limechelewa. Lile lililotolewa mwezi Julai lina nafasi ya kuingia katika mpango wa Septemba.

Ada, uanachama na mipaka

Kifungu cha 36 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujiunga na chama, na pia kinakataza kumlazimisha mtu kujiunga. Kwa hiyo ada ya chama cha hiari haiwezi kudaiwa kana kwamba ni kodi. Hali ni tofauti ikiwa ulinunua nyumba katika makazi yenye kampuni ya usimamizi, kwa sababu mkataba wako unaweza kukufunga kulipa ada ya huduma za pamoja. Usome kabla ya kutia saini, na uulize ada hiyo inagharimia nini.

Kila mlipaji anastahili kupewa stakabadhi, kuonyeshwa hesabu ya mapato na matumizi angalau mara moja kwa mwaka, na kushiriki katika uchaguzi wa viongozi. Aidha, chama hakina mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi wala ya kuifunga barabara ya umma kwa lango bila idhini ya mamlaka husika. Kiongozi anayedai malipo ili “kupitisha” mradi wa jirani anapaswa kuripotiwa.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Zunguka mtaa wako na usome kila bango lililo kwenye uzio wa ploti.
2. Andika tarehe ya tangazo, nambari ya ploti na siku ya mwisho ya maoni.
3. Waarifu majirani siku hiyohiyo, wakiwamo wapangaji. Nao hutumia maji na barabara ileile.
4. Wasilisha maoni kwa maandishi na uhifadhi nakala yenye mhuri.
5. Fuatilia uamuzi kabla ya siku 60 kwisha, na uhesabu siku za rufaa kuanzia tarehe ya uamuzi.