Kura ya Shabiki ni Amana

Wako watu wawekao akiba mwaka mzima, si kwa harusi wala kwa ujenzi, bali kwa nauli ya kuhudhuria mkutano wa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Wengi huwacheka. Lakini Worldcon, mkutano wao mkuu ulioanza New York mwaka 1939, huandaliwa na watu wanaojitolea bila mshahara. Aliyelipa ada ya uanachama ndiye apigaye kura ya Tuzo ya Hugo, iliyoanza mwaka 1953.

Mwaka 2023, mkutano ulipofanyika Chengdu, China, amana hiyo ilivunjwa. Riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, iliyopendekezwa na wanachama, iliondolewa pasipo maelezo. Mashabiki hawakunyamaza. Walidai majibu, na baadhi ya wakuu wakajiuzulu. Mwaka 2024 waandalizi wa Glasgow walifuta kura 377 za hila, wakatangaza hadharani.

Hapo pana funzo kwa kila chama, kiwe cha mpira au ushirika wa wavuvi. Mwanachama akishatoa ada yake, kuonyeshwa hesabu si hisani. Ni haki yake.