"Borrow", "Lend" na Kitenzi "Kuazima"
Mwanafunzi Mswahili ajifunzaye Kiingereza huchanganya mara nyingi "borrow" na "lend", wala kosa hilo halitokani na uvivu. Kitenzi "kuazima" hutumika kwa mtoaji na kwa mpokeaji pia: katika "Ameniazima kitabu" mtendaji ni mtoaji, katika "Nimeazima kitabu kwake" ni mpokeaji. Kiambishi "-ni-" na neno "kwake" ndivyo vionyeshavyo tofauti. Kiingereza chataka kitenzi mbali kwa kila upande: "lend" kwa atoaye, "borrow" kwa apokeaye. Basi zoezi la kujaza nafasi halifai kitu mwanafunzi asipoulizwa kwanza kitabu kimetoka mkononi mwa nani. Ajabu ni kwamba "kukopa" na "kukopesha" hutenga pande hizo bila taabu, na mwalimu aweza kuanzia hapo.