Vitabu vyetu ng'ambo kwa nauli nafuu

MTU akiondoka Nakivale kwenda kuishi Marekani au Kanada, simu ya kwanza husema amefika salama. Ya pili husema kuna baridi. Miezi ikipita huja ya tatu: watoto wameanza kujibu kwa Kiingereza, tafadhali tutumieni vitabu vya Kiswahili.

Simu hiyo ilinifikia kutoka kwa dada yangu mdogo. Mama yetu yuko hapa kambini, Rubondo, na sasa akizungumza na wajukuu wake lazima mtu akae katikati atafsiri. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, Januari 2025, Mama hana matumaini ya kuwafuata. Kilichobaki ni simu, na simu bila lugha ni kelele tu.

Kupata vitabu si kazi. Wenzetu wanaovuka Kikagati kwenda Murongo, au Mutukula kwenda Bukoba, nawaagiza hadithi na vitabu vya shule za msingi za Tanzania. Kazi ni kuvisafirisha. Wakala mmoja wa vifurushi mjini Mbarara alipima vitabu vyangu sita, akanitajia bei ambayo ingenunua vingine kama hivyo mara tatu. Nikavibeba, nikaenda posta.

Msomaji, jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni hili: chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, vitabu vinaweza kwenda kama machapisho, si kama kifurushi cha bidhaa. Barua na pakiti ndogo hukomea kilo 2, lakini vitabu huruhusiwa hadi kilo 5. Kwa hiyo usimwambie karani una "kifurushi". Mwambie una vitabu, uliza bei ya machapisho, kisha uliza ya njia ya kawaida na ya ndege, kwani bei na huduma hubadilika.

Juu ya bahasha huandikwa "Imprimés". Ndugu zetu wa Kongo neno hilo hawahitaji kufundishwa. Funga kwa namna ambayo ofisa anaweza kufungua na kukagua, na usiweke barua ndani. Najua inauma, maana Mama alitaka kutia karatasi ya salamu katikati ya kurasa. Barua yake ilikwenda peke yake.

Nauli hupanda kwa ngazi za uzito, hivyo gramu chache zinaweza kukurusha ngazi ya juu. Mimi hupima kwanza kwenye mizani ya muuza maharagwe hapa Base Camp, bahasha na gundi pamoja. Jalada gumu hulibakiza nyumbani. Kamusi nene huisafirisha peke yake.

Kwa kanisa au shule inayotaka shehena, upo mfuko maalumu uitwao M, wa machapisho matupu kwa mpokeaji mmoja, hadi kilo 30. Si kila nchi inautoa, basi uliza kabla ya kununua vitabu. Wanaotutumia kutoka Marekani nao wasishangae bei: posta ya huko iliacha kusafirisha vitu nje kwa meli mwaka 2007, sasa kila kitu hupanda ndege.

Kwa wanaorejea makwao, Burundi au kwingineko, badilisheni anwani mapema. Kifurushi kilichotumwa kwa sanduku la posta la Mbarara hakitawafuata hadi Ruyigi. Mwachieni mtu ufunguo, au kubalianeni na aliye ng'ambo asubiri mpaka mpate anwani mpya.

Na nyinyi wa mpakani, mnapoagiza, chagueni vitabu vyembamba vyenye jalada laini. Vinauzika hapa kambini kwa wenye ndugu ng'ambo, na mteja akishajua nauli ya posta, hurudi kununua tena.