Maharaja wa Kapurthala na Msikiti Wake

Katika nchi ya Punjab, baina ya mito ya Beas na Sutlej, uko mji uitwao Kapurthala, na ndani yake umesimama msikiti ambao Mmoroko akiuona angedhani amerejea kwao: mnara wake ni wa pembe nne, umepanda wima bila kupunguka upana, na kileleni umevishwa kijumba chenye kikuba, mfano wa mnara wa Kutubiya uliopo Marrakesh tangu karne ya 12. Aliyeamuru ujengwe hakuwa Mwislamu. Alikuwa Kalasinga, mtu wa dini ile ile ya mafundi wenye vilemba tuliowazoea huku kwetu tangu siku za reli ya Uganda, na jina lake ni Maharaja Jagatjit Singh.

Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1872, na baba yake, Raja Kharak Singh, alipofariki mwaka 1877, mtoto yule ambaye hata miaka mitano hajaitimiza akakalishwa juu ya kiti cha enzi, ilhali mambo ya milki yakaendeshwa na wengine chini ya jicho la Waingereza hadi mwaka 1890, alipokabidhiwa mamlaka yake. Lakini mamlaka hayo yalikuwa na mipaka, maana mtawala aliye chini ya himaya hakuwa na ruhusa ya kupigana vita wala kufunga mkataba na jirani. Wazee wake walikwisha kuionja nguvu ya Waingereza: mwaka 1846, kwa sababu askari wa Kapurthala walipigana na Waingereza, milki ilinyang'anywa ardhi zake za kusini ya Sutlej, na mwaka 1857, babu yake Randhir Singh alipowaunga mkono Waingereza katika maasi makuu ya Bara Hindi, alitunukiwa mashamba katika nchi ya Awadh. Hata lakabu ya Maharaja, Jagatjit aliipata kwa hisani ya Waingereza, mwaka 1911.

Moyo wake ulielekea Ufaransa. Akakisema Kifaransa kwa ufasaha, na kati ya mwaka 1900 na 1908 akajengewa na Alexandre Marcel kasri lililofuata mtindo wa Versailles. Mwaka huo wa 1908 akamwoa mcheza ngoma wa Kihispania, Anita Delgado. Aghalabu wamwandikiao habari zake huishia hapo, kwenye vito na wake, nami naona wamemdhulumu, kwani huyu ndiye aliyewalazimu watoto wa nchi yake kusoma elimu ya msingi, na aliyeketi Geneva kuiwakilisha India katika Shirikisho la Mataifa.

Zaidi ya hayo, ni huu msikiti. Raia zake walio wengi walikuwa Waislamu, naye, aliyekuwa amesafiri hadi Moroko, hakuridhika kuwapa jengo la kawaida: akamwita Manteaux, msanifu wa Kifaransa, kazi ikaanza mwaka 1926, mapambo ya ndani yakatiwa na mafundi wa chuo cha sanaa cha Mayo cha Lahore, na mwaka 1930 Nawabu wa Bahawalpur akaja kuufungua. Mfalme asiye na idhini ya kutuma jeshi hata kwa jirani aliweza, kwa hiari yake, kuwapa watu wasiokuwa wa dini yake mahali pa kusujudia panapolingana na hadhi ya kasri lake mwenyewe, na katika miaka yote ya enzi yake silioni tendo lililo la kifalme kuliko hilo.

Mwaka 1947 Punjab ikapasuliwa vipande viwili. Kapurthala ikabaki India, na Waislamu wake, waliokuwa wakielekea magharibi kila sala, wakashika njia ya magharibi kwenda Pakistani. Mwaka uliofuata milki yenyewe ikaunganishwa na nyingine za Punjab, na tarehe 19 Juni 1949 Maharaja akafia Bombay, umri wake miaka 76. Kasri sasa ni shule. Msikiti nao ungali umesimama. Jamaa aliyoijengea ilipata kusali ndani yake miaka 17.