Kabla Hamjauza Pikipiki ya Mzee

Ami yangu anaishi Kariandusi, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, pale ambapo mlima umechimbwa mpaka udongo mweupe ukabaki wazi, na bondeni Ziwa Elementaita linaonekana. Kazaliwa Mombasa, kazi ikampeleka bara, akaoa huko na kuzeekea huko. Umri wake umepita miaka 70. Sokoni Gilgil, kliniki, kwa marafiki, kote huenda kwa pikipiki yake.

Mwezi uliopita nilimpigia simu kumjulia hali, akaniambia ameanguka. Nilidhani ni barabarani. Kumbe alianguka mbele ya mlango wake, injini ikiwa imezimwa, akijaribu kupanda. Alikuwa amevaa kikoi, mguu wa kulia ukanasa kwenye keria, akaenda chini na pikipiki ikamlalia. Alhamdulillahi, alitoka na michubuko tu. Lakini watoto wake walikuwa wameshakata shauri kwamba pikipiki iuzwe.

Nilipofika huko nikamwamkia, "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hebu waambie ndugu zako. Nikishakaa juu ya kiti mimi ni yule yule. Taabu ni kufika hapo juu."

Maneno yake yana maana kuliko yanavyosikika. Kupanda pikipiki na kuiendesha ni mambo mawili mbali. Kama macho hayaoni vizuri, au mkono hauna nguvu ya kukamata breki, hapo kweli mzee na apumzike, na kushusha kiti hakutamsaidia. Lakini kama shida ni nyonga na goti tu, kuna mengi ya kufanya, na mengi hayana gharama.

Tulianza kwa kupima. Pikipiki nyingi za bodaboda zina kiti cha karibu sentimita 80 kutoka chini. Ami alikuwa na keria nyuma ya kiti, na juu ya keria sanduku la mbao. Futi ilisoma sentimita 104. Kwa hiyo kila akipanda alikuwa akirusha mguu juu ya zaidi ya mita moja, huku amesimama kwa mguu mmoja. Kijana hufanya hivyo bila kufikiri. Nyonga ya mzee haikubali.

Basi jambo la kwanza ni kuondoa kila kilichoinuka nyuma ya kiti. Mzigo ufungwe mwisho, baada ya yeye kukaa, au uwekwe kwenye mifuko ya ubavuni.

La pili ni namna ya kupanda. Stendi ya pembeni iteremshwe mpaka mwisho wake, na gia iwe namba moja injini ikiwa imezimwa, ili gurudumu la nyuma lisizunguke. Mzee asimame upande wa kushoto, karibu na tangi, mikono yote miwili kwenye usukani, breki ya mbele ameikamata. Asirushe mguu kwa nyuma. Akunje goti la kulia, alivute kuelekea kifuani, apitishe mguu juu ya kiti pale mbele, karibu na tangi, ambapo ni chini na pembamba. Akikaa, ndipo aisimamishe pikipiki na kukunja stendi. Kushuka ni hivyo hivyo kinyumenyume, na stendi iteremshwe kabla hajanyanyua mguu. Kanzu au kikoi ipandishwe na kufungwa kwanza, au avae suruali.

Wengine hukanyaga kikanyagio cha kushoto kama mpanda farasi. Inawezekana, lakini uzito wote huiendea ile stendi. Ikiwa imepinda, bolti yake imelegea, au chini ni vumbi laini kama la Kariandusi, itazama na pikipiki itaanguka. Jiwe bapa chini ya stendi husaidia, lakini mtu mzito aiache njia hii.

La tatu ni mahali pa kupandia. Sisi Wapwani tuna vibaraza mbele ya nyumba zetu, na kibaraza ndicho ngazi bora. Mtu akisimama juu ya kitu cha sentimita 15 au 20, kiti kimeshashuka kwa kiasi hicho bila kuguswa. Kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, hata mjini ukingo wa barabara huwa upande ule ule wa kupandia. Uache nafasi tu, stendi ikae sawa barabarani. Usiegeshe kwenye mteremko wa ubavu, ambapo pikipiki inaweza kulalia upande wa kulia.

Hayo yasipotosha, twende kwa fundi. Mshona viti anaweza kupunguza sponji sentimita tatu au nne na kukichonga kiti kiwe chembamba mbele. Asipunguze sana, maana mzee atakuwa anakalia bati. Springi mbili za nyuma nazo nyingi zina ringi yenye ngazi kwa chini. Ukiizungusha kwenye ngazi laini, sawa pande zote mbili, pikipiki hushuka kidogo mtu akikaa, na miguu hugusa chini vizuri zaidi. Akibeba abiria, irudishwe ngazi ngumu.

Kuweka springi fupi nifikirieni mara mbili. Pikipiki ikishuka, stendi ya pembeni huwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki husimama wima mno na kuangukia kulia. Usukani nao hubadilika. Kazi hiyo apewe fundi anayeijua, naye asisahau stendi.

Na kama mguu haupandi kabisa, badilisheni chombo. Honda Super Cub, iliyoanza kutengenezwa 1958 na kupita milioni 100 mwaka 2017, ina uwazi kati ya usukani na kiti. Mguu hupita mbele badala ya juu. Vespa, ambazo nduguzetu wa Unguja wanazijua sana, ni hivyo hivyo, ila magurudumu yake madogo hayapendi mashimo. Tuktuk ni rahisi kuliko zote, unaingia kama unayekalia kiti. Angalieni kwanza leseni yake ni ya daraja gani.

Kwa ami hatukufika huko. Watoto waliweka sharti moja, apimwe macho kwanza, naye akakubali. Macho yakawa mazima. Tukafungua keria na sanduku, fundi wa Gilgil akapunguza kiti sentimita tatu, na mjukuu wake akajenga kidaraja cha saruji kando ya mlango. Akajizoeza siku mbili bila kuwasha injini, sisi tumesimama upande wa pili tayari kumdaka.

Siku ya tatu alipanda peke yake, akaenda mpaka barabara kuu na kurudi. Pikipiki haikuuzwa. Kila mwaka atapimwa tena, na siku macho yakikataa ataitoa mwenyewe. Ahadi hiyo kaitoa mbele ya wanawe.

Kwa hivyo, jamaa, nanyi mkiwa na mzee wa namna hii nyumbani, chukueni futi kwanza, mpime nyuma ya kiti pana urefu gani. Mnunuzi anaweza kungoja.